Roy Cazaly, mrukaji wa Melbourne: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wengi hukutana na jina la Cazaly kwa njia ya kando. Wamelisikia kwenye wimbo, au mzee fulani Mwaustralia amelitamka mtoto alipokuwa akirukia kitu dukani, au wameliona kwenye kibao cha uwanja kule Cairns. Kisha huuliza: hivi huyu alikuwa mtu kweli? Naam, alikuwa mtu, tena mtu mwenye historia ndefu ya mpira. Haya hapa maswali yanayorudi kila mara pamoja na majibu yake. Mengine ni mafupi kwa sababu hayana mengi, mengine marefu kwa sababu huko ndiko kwenye utamu.

Roy Cazaly alikuwa nani?

Alikuwa mchezaji wa kandanda ya Kiaustralia aliyezaliwa tarehe 13 Januari 1893 mjini Melbourne na kufariki tarehe 10 Oktoba 1963 mjini Hobart, Tasmania. Kati ya 1911 na 1927 alicheza mechi 198 katika ligi kuu ya jimbo la Victoria, nusu kwa nusu: 99 akiwa na St Kilda na 99 akiwa na South Melbourne. Baada ya hapo aliendelea kucheza na kufundisha kwa miaka mingi, hasa Tasmania. Umaarufu wake umetokana na kuruka. Alikuwa akipaa kudaka mpira juu ya vichwa vya watu waliomzidi urefu, na mwito aliokuwa akipigiwa na mwenzake uwanjani, "Up there, Cazaly!", yaani "Juu kule, Cazaly!", ukageuka msemo wa nchi nzima.

Jina lake linatamkwaje?

Mkazo uko katikati: Ka-zei-li. Wageni wengi husema "Kazali", na Waaustralia huwa hawawasahihishi, hucheka tu.

Mpira aliocheza ni raga?

Hapana, ingawa wanaoutazama kwa mara ya kwanza kwenye televisheni husema hivyo. Ni mchezo wa peke yake, ulioandikiwa kanuni Melbourne mwaka 1859, kabla ya kanuni za raga au za soka kutulia kama tunavyozijua. Uwanja wake ni wa umbo la yai kwa sababu walikuwa wakichezea viwanja vya kriketi majira ya baridi, wakati kriketi imelala. Mpira wenyewe pia ni wa umbo la yai. Kila timu ina watu 18 uwanjani, na hakuna sheria ya kuotea. Unaruhusiwa kukimbia na mpira ilimradi uudundishe chini kila baada ya hatua kadhaa. Kumpa mwenzako, unaupiga teke au unaugonga kwa ngumi kutoka kiganjani. Kuurusha kwa mkono ni kosa.

Kila upande una milingoti minne. Ukipitisha mpira kwa teke kati ya miwili ya kati, ile mirefu, ni bao, nalo lina thamani ya pointi 6. Ukipita kati ya mlingoti wa kati na wa pembeni unapata pointi 1 ya kufuta machozi. Ndiyo maana matokeo yao huandikwa kwa tarakimu mbili kabla ya jumla: fainali ya 1913, kwa mfano, Fitzroy waliwafunga St Kilda 7.14 kwa 5.13, yaani pointi 56 kwa 43.

Kitu cha kukumbuka zaidi, maana bila hicho huwezi kumwelewa Cazaly, ni kudaka. Mpira uliopigwa teke na kusafiri umbali uliowekwa, ukidakwa kabla haujagusa chini wala mtu, aliyeudaka anapewa nafasi ya kusimama na kupiga bila kusumbuliwa. Kwa hiyo mpira ukiwa hewani wanaume sita au saba huukimbilia na kurukiana. Unaruhusiwa kupanda mgongoni mwa mtu, mradi macho yako yako kwenye mpira. Kwangu mimi hicho ndicho kitendo kizuri kuliko vyote katika mchezo huo, na sidhani kama niko peke yangu.

Alicheza nafasi gani?

Alikuwa mrukaji, yule anayewania mpira mwamuzi anapoudundisha katikati kuanzisha mchezo au unaporushwa ndani kutoka pembeni. Enzi zake kila timu ilikuwa na kundi la watu watatu wasio na kituo, wanaoufuata mpira popote uendapo: wawili warefu na wenye nguvu, na mmoja mdogo mwepesi wa kuokota mipira inayoanguka miguuni mwao. Wengine wote walikaa kwenye maeneo yao. Hivyo hao watatu ndio waliokimbia kuliko wote, tena bila kupumzishwa. Mchezaji wa akiba hakuwako kabisa. Ligi iliruhusu mmoja tu kuanzia 1930, Cazaly akiwa ameshaondoka. Ukiumia, unachechemea hadi mwisho au unatoka timu ibaki pungufu.

Alizaliwa katika familia ya namna gani?

Alikuwa mtoto wa kumi. Baba yake alikuwa mpiga makasia hodari, na mama yake mkunga aliyejua pia dawa za mitishamba. Walikuwa wakaazi wa Albert Park, kusini mwa katikati ya jiji, penye ziwa na, kando ya ziwa, uwanja wa South Melbourne. Yaani klabu ambayo angekuja kung'ara nayo ilikuwa jirani tangu utotoni, lakini ilimchukua miaka mingi ya kuzunguka kabla ya kuingia humo. Mkunga na mpiga makasia: mkumbuke hao wawili tutakapofika kwenye swali la pumzi.

Ni kweli Carlton walimpoteza bure?

Ndivyo ilivyokuwa. Akiwa kijana alijaribu bahati yake Carlton, kwenye kikosi cha pili, mwaka 1910. Aliumia bega, klabu haikumtibu, naye akaondoka. Carlton ilikuwa klabu tajiri yenye mataji, na kijana mmoja mwenye bega bovu hakuwa na uzito wowote kwao. Klabu nyingi zimefanya hivyo na hakuna aliyekuja kujua waliyempoteza. Wao walijua, na mapema kuliko walivyotarajia.

Aliingiaje kikosi cha kwanza cha St Kilda?

Kwa mlango wa mgomo. Mwaka 1911 wachezaji wa St Kilda waligombana na viongozi wa klabu, na wengi wa kikosi cha kwanza wakakataa kuingia uwanjani. Klabu ikaokota vijana wa kuziba mapengo, ikawavalisha jezi, ikawapeleka wakamenyane na Carlton. Mmoja wao alikuwa Cazaly, umri miaka 18. Kwa hiyo mechi yake ya kwanza ya ligi alicheza dhidi ya wale wale walioacha bega lake. Lingekuwa jambo tamu kusema aliwafundisha adabu siku hiyo, lakini timu ya kuokoteza haiwezi kuifunga Carlton ya wakati ule. Wengi wa vijana wa mgomo hawakuonekana tena baada ya wakubwa kurudi. Yeye alibaki.

Miaka kumi St Kilda, mechi 99 tu? Mbona chache?

Swali zuri, na jibu lake kubwa ni vita. Ligi ilipokuwa na klabu kumi, msimu ulikuwa na mechi 18 kwa kila timu, basi. Hapo toa majeraha. Kisha toa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kufikia 1916 klabu zilizobaki zikicheza zilikuwa nne tu: Carlton, Collingwood, Fitzroy na Richmond. Msimu huo Fitzroy walimaliza wa mwisho, yaani wa nne kati ya wanne, wakaingia mchujo kama wengine wote, na wakaibuka mabingwa. Sijui ligi nyingine ambako timu imeshika mkia na kunyanyua ubingwa mwaka huo huo.

St Kilda hawakushiriki 1916 wala 1917, wakarudi 1918. Misimu miwili ikapotea hivyo, Cazaly akiwa na umri wa miaka 23 na 24, ule ambao mguu una chemchemi kuliko wakati wowote.

Vita iligusa hata jezi. Rangi za St Kilda zilikuwa nyekundu, nyeupe na nyeusi, bahati mbaya zile zile za bendera ya Dola ya Ujerumani. Mwaka 1915 klabu ikaondoa nyeupe na kuweka njano, zikawa rangi za Ubelgiji, nchi iliyokuwa imevamiwa. Jezi ya zamani ilirudi 1923. Ukiona picha ya St Kilda ya miaka hiyo, ya rangi moja ya kijivu kama zilivyokuwa picha zote, huwezi kutofautisha.

Kwa nini alihamia South Melbourne?

St Kilda ilikuwa nyumba ya ugomvi. Mgomo wa 1911 haukuwa wa kwanza wala wa mwisho. Viongozi na wachezaji walikuwa wakivutana karibu kila msimu. Mwaka 1921 Cazaly, akiwa na miaka 28, alivuka kwenda South Melbourne. Kwa umri huo wachezaji wengi wa zama zile walikuwa wanaanza kufikiria kutundika daluga. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuwa yule mtu tunayemzungumzia leo. Mwaka uliofuata alikuwa tayari kocha mchezaji, na 1926 alichaguliwa mchezaji bora wa klabu akiwa na miaka 33.

Mwito wa "Up there, Cazaly!" ulianzaje, na nani aliupiga?

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa kudhani ulianzia kwa mashabiki. Ulianzia uwanjani, kwenye koo la mwenzake, Fred Fleiter, ambaye kila mtu alimwita Skeeter.

South Melbourne ilikuwa na watatu wake wa kuufuata mpira: Cazaly, Fleiter na Mark Tandy. Waliitwa utatu wa kutisha, na jina hilo walilistahili. Mgawanyo wa kazi ulikuwa wazi. Fleiter alikuwa ngome inayotembea. Mpira ukipaa, yeye hakuwa na haja nao sana. Kazi yake ilikuwa kuweka mwili wake kati ya Cazaly na yeyote aliyetaka kumsukuma, kufungua njia ya hatua tatu au nne, kisha kupaza sauti kumwambia mwenzake apae. Cazaly anapaa, anaudaka au anaugonga chini kwa Tandy. Tandy, mdogo wa umbo, mwepesi, anauokota na kutoweka nao.

Ukiitazama hivyo, mwito ule ulikuwa maelekezo ya kazi. Mtu mmoja anamwambia mwingine: njia iko wazi, mimi nimewashika hawa, nenda. Mashabiki waliokuwa karibu na kamba waliusikia, wakaudaka, wakaanza kuupiga wao. Halafu watu wa viwanja vingine. Halafu watu wasiojua hata South Melbourne iko wapi.

Kumbukumbu ya umma imemweka Cazaly peke yake angani, nami naona hilo halimtendei haki Fleiter wala Tandy. Mrukaji yeyote aliyesukumwa kiuno kabla mguu haujaacha ardhi haruki kokote. Kabla ya 1921 Cazaly alikuwa mchezaji mzuri sana St Kilda, na hakuna aliyemtungia msemo. Alichokipata South Melbourne, zaidi ya jezi mpya, ni wenzake wawili waliojua afanye nini nao wafanye nini.

Alikuwa mrefu kiasi gani?

Sentimita 180 hivi. Leo mtu wa urefu huo asingepewa kazi ya mrukaji hata kwenye timu ya shule. Warukaji wa ligi ya sasa hupita mita mbili. Hata enzi zake, wapinzani wake kadhaa walikuwa wakimtazama kutoka juu. Uzito wake ulikuwa wa mwanamume wa kawaida mwenye mazoezi, si wa jitu.

Basi aliwezaje kuruka hivyo?

Kwa mazoezi ambayo siku zile yalionekana ya ajabu. Nyumbani kwake alining'iniza mpira kwenye paa la banda, akawa anaurukia na kuudaka, tena na tena. Siku hizi kila klabu ina vifaa vya namna hiyo na mtaalamu wa kuvisimamia. Wakati ule mazoezi ya timu yalikuwa jioni mbili za wiki, watu wakitoka kazini, mizunguko michache ya uwanja na mateke kidogo.

La pili ni pumzi. Cazaly aliamini kwamba ukivuta pumzi ndefu na kuijaza kifuani wakati unapanda, inakusaidia kupaa na kubaki juu. Mwalimu wa fizikia atakwambia hewa ya mapafuni haimpandishi mtu hata kidogo, na yuko sahihi. Ila kuna jingine: kifua kilichojaa hewa kinakaza kiwiliwili, na mtu aliyekaza kiwiliwili hupaa amenyooka, hayumbi akiguswa, na mikono yake hufika juu kwa wakati. Pia humfanya apange muda wa kuruka, kwa sababu lazima aanze kuvuta pumzi kabla ya hatua ya mwisho. Nadhani faida ilikuwa hapo. Mpiga makasia naye huishi kwa kupanga pumzi na mshindo wa mwili, kwa hiyo si ajabu jambo hilo likaanzia kwenye nyumba ya baba yake.

La tatu ni maisha yake. Hakuvuta sigara, alijitunza, alijali chakula na mwili wake kwa namna ambayo wenzake waliiona ni ya mtu wa mambo mengi. Matokeo tutayaona kwenye swali la umri.

Alikuwa wa kuruka tu, au alifunga pia?

Alifunga mabao 167 katika ligi kuu: 39 akiwa St Kilda, 128 akiwa South Melbourne. Tazama tofauti hiyo kwa idadi ile ile ya mechi. Alikuwa na teke refu pia, kwa hiyo akiudaka mpira mbali na milingoti bado alikuwa hatari.

Alishinda ubingwa mara ngapi?

Katika ligi kuu ya Victoria, hata mara moja. Na hapa bahati yake inashangaza, maana alizikosa sherehe kwa pande zote mbili.

South Melbourne walitwaa ubingwa 1918. Yeye alifika 1921. Wakautwaa tena 1933. Yeye aliondoka 1927. Kati ya 1933 na 1936 walicheza fainali nne mfululizo, kile kikosi cha wachezaji walioletwa kutoka majimbo mengine. Cazaly alipoitwa kuwafundisha, 1937, karamu ilikuwa imekwisha na waliobaki walikuwa wamechoka. St Kilda walifika fainali 1913 wakafungwa na Fitzroy, na ubingwa wao wa kwanza, ambao mpaka leo ni wa pekee, waliupata 1966 kwa tofauti ya pointi moja dhidi ya Collingwood. Cazaly alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Hawthorn, aliowafundisha wakati wa vita, walisubiri hadi 1961.

Kwa wanaopima wachezaji kwa vikombe tu, mtu huyu ni wa kawaida. Mimi sipimi hivyo, na waliounda Jumba la Magwiji la kandanda ya Australia mwaka 1996 hawakupima hivyo pia: walimweka miongoni mwa wale 12 wa kwanza kupewa daraja la juu kabisa.

Alipata medali ya Brownlow?

Hapana. Ni tuzo ya mchezaji bora wa ligi, nayo ilianza kutolewa 1924, yeye akiwa na miaka 31. Wa kwanza kuipata alikuwa Edward Greeves wa Geelong.

Wachezaji wa wakati huo walilipwa?

Kwa miaka mingi malipo yalipigwa marufuku na kila mtu alijua yanatolewa chini ya meza. Mwaka 1911, ule ule aliouanza Cazaly, ligi iliacha kujifanya haioni na kuyaruhusu. Lakini hayakuwa pesa za kuishi. Mchezaji alikuwa na kazi yake, karani, fundi au mchukuzi bandarini, na Jumamosi mchana akaingia uwanjani.

Pesa nzuri zaidi zilikuwa mashambani. Miji midogo ya wakulima wa ngano ilikuwa tayari kumlipa mchezaji maarufu awe kocha na nahodha wao kwa msimu mmoja, jambo lililowaudhi wakubwa wa Melbourne. Ndiyo sababu utaona pengo kwenye orodha ya Cazaly: 1925 hakucheza ligi kuu. Alikuwa Minyip, mji mdogo kaskazini magharibi mwa Victoria. Mwaka uliofuata akarudi South Melbourne kana kwamba hakuna kilichotokea, na ndio huo msimu aliochaguliwa mchezaji bora.

Alienda kufanya nini Tasmania?

Kucheza na kufundisha. Alivuka bahari 1928 kwenda Launceston kuiongoza klabu ya City. Tasmania ni kisiwa, na mpira wake ulikuwa na ligi zake, wapinzani wake na kiburi chake. Kumpata mtu ambaye jina lake lilikuwa likipigiwa kelele Melbourne lilikuwa jambo kubwa. Mwaka 1931 alirudi bara kidogo na Preston, katika ligi ya pili ya Melbourne, kisha akavuka tena kwenda kusini ya kisiwa, Hobart, akazifundisha North Hobart na New Town. New Town ilikuwa klabu isiyo na makombe. 1935 ikatwaa ubingwa wake wa kwanza wa ligi hiyo chini yake. Sasa inaitwa Glenorchy.

Aliwahi kuvaa jezi ya jimbo la Victoria na ya Tasmania pia. Mechi za kimataifa hazikuwako, kwa kuwa hakukuwa na nchi nyingine ya kucheza nayo; kilele cha heshima kilikuwa jimbo dhidi ya jimbo.

Aliacha kucheza akiwa na umri gani?

Mwaka 1941 alikuwa bado anaingia uwanjani na Camberwell, katika ligi ya pili, akiwa na miaka 48. Tangu siku ya mgomo ule ni miaka 30. Usisahau alikuwa akicheza mchezo wa kugongana mwili mzima.

Kama kocha alifanikiwa?

Tasmania ndiyo, Melbourne nusu nusu. South Melbourne ya 1937 na 1938 nimeshaieleza. Hawthorn alichukua 1942. Ilikuwa klabu changa, iliyoingia ligi kuu 1925 na kuzoea kushika mkia. Mwaka 1943 Cazaly aliifikisha nafasi ya tano, wakikosa mchujo wa wanne kwa uwiano wa pointi tu, na huo ulikuwa msimu wao bora kuliko yote waliyowahi kucheza.

Alama yake nyingine hapo ni ya jina. Timu ilikuwa ikiitwa kwa ua, Mayblooms, kutokana na jina la kitongoji. Yeye aliona timu inayoitwa ua haimtishi mtu, na anatajwa kuwa ndiye aliyewabadilisha wawe Hawks, yaani mwewe. Mashabiki wa Hawthorn wanaopiga kelele za mwewe kila Jumamosi wengi wao hawajui kuwa jina hilo lilitoka kwa mtu wa South Melbourne.

Mwito wake ulifikaje vitani?

Wanajeshi wa Australia waliubeba. Katika Vita vya Pili vya Dunia, kule Afrika Kaskazini, ulikuwa mwito wa kupeana moyo na wa kushambulia. Wengi wa waliokuwa wakiupiga walikuwa watoto wadogo alipokuwa anaruka, au hawakuwa wamezaliwa. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa nyumbani, ama akicheza Camberwell au akiwafokea vijana wa Hawthorn.

Na wimbo?

Ni wa Mike Brady, wa 1979. Ulitungwa kutangaza matangazo ya mpira ya kituo cha televisheni cha Channel Seven, ukapanda hadi namba moja Australia. Kwa sasa ni kama wimbo wa mchezo wenyewe, na ndio uliolifikisha jina la Cazaly kwa vizazi ambavyo vingekuwa vimemsahau. Hakuwahi kuusikia.

Baada ya mpira alifanya kazi gani?

Aliishi Hobart, akafungua kituo cha tiba ya viungo na kukanda misuli, na biashara ikamwendea vizuri. Pia alifundisha farasi wa mashindano. Mtoto wa mkunga wa mitishamba kuishia kutibu miili ya watu, hapo hakuna cha kushangaza.

Nikiwa Melbourne, naweza kuona wapi alipochezea?

Nenda Albert Park. Ziwa bado lipo, na magari ya Formula 1 hulizunguka karibu kila mwaka tangu 1996. Uwanja wa South Melbourne umejengwa upya kuwa wa riadha na soka. Klabu yenyewe haipo tena pale: ilihamia Sydney 1982 na sasa ni Sydney Swans. Uwanja wa zamani wa St Kilda, Junction Oval, hauko mbali. Siku hizi ni wa kriketi. Ukitaka jina lake kwenye kibao, itakubidi usafiri mbali, hadi Cairns, kaskazini kabisa mwa Queensland, kwenye Cazalys Stadium. Ni mji wa joto na miwa, ambako raga ndiyo mfalme.

Kuna Mwafrika Mashariki yeyote aliyecheza klabu yake?

Yupo aliyezaliwa kwetu. Aliir Aliir alizaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, wazazi wake wakiwa wa Sudan Kusini, akakulia Australia. Alianza ligi kuu 2016 akiwa na Sydney Swans, ile ile South Melbourne iliyohama, kabla ya kwenda Port Adelaide. Mwaka 2021 alichaguliwa kwenye kikosi bora cha msimu cha ligi nzima. Ni beki, na kinachomtofautisha ni jinsi anavyosoma mpira wa wapinzani ukiwa hewani, akaruka na kuudaka kabla yao. Video zake zimejaa mtandaoni. Anzia na za msimu huo.